Pikipiki za vifurushi Kariakoo: shajara ya mradi, 2024

Januari, wiki ya pili

Mradi ni huu: pikipiki mbili, madereva wawili, kibanda cha kupokelea mizigo upande wa Mtaa wa Aggrey, na kazi moja tu, kutoa mzigo Kariakoo na kuufikisha mlangoni kwa mteja au kwenye basi la mkoani. Abiria hatubebi.

Soko lipo. Wauza nguo, vipodozi, simu na vyombo wanaotangaza Instagram na kwenye magrupu ya WhatsApp, wengi wao hawana hata fremu. Mteja akilipa, ndipo wanapoingia Kariakoo kuchukua mzigo kwa bei ya jumla, kisha wanamwita bodaboda yeyote aliye karibu. Wakimpata mwaminifu wanamng'ang'ania. Wakimpata wa aina nyingine, simu inazimwa na gauni la send-off la mtu limekwenda. Jumia walifunga shughuli zao hapa nchini Novemba 2019, lakini watu hawakuacha kununua kwa simu; kazi ilibaki kwa wauzaji wadogo na bodaboda wao.

Nimechukua Boxer 150 na TVS 125, zote mpya. Moja kwa akiba ya duka, nyingine kwa mkopo wa kikoba chetu Buguruni. Nimezichagua kwa sababu spea zake zinapatikana kila kona mpaka Mbagala Rangi Tatu, na fundi yeyote wa chini ya mwembe anazijua. Pikipiki ya vifurushi ikilala gereji siku tatu ikisubiri kifaa, imeshakula faida ya wiki nzima.

Januari, mwishoni

Makaratasi. Jina la biashara kwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, ni shilingi 20,000, unajisajili mwenyewe mtandaoni ukiwa na namba ya NIDA. TIN, namba ya mlipakodi ya TRA, haina malipo. Leseni ya biashara ya Jiji inaombwa kwenye mfumo wa Tausi. Hapo ni subira tu.

Panapochanganya wengi ni leseni ya kubebea. LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, wanasimamia chombo kinachofanya biashara barabarani. Ila kupokea kifurushi cha mtu huyu na kukikabidhi kwa mtu yule kwa malipo ni huduma ya vifurushi na vipeto, na hiyo iko chini ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kwa Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Vijana wengi wanaanza wakidhani kibandiko cha pikipiki kinatosha. Nimelipanga ombi la TCRA kama kazi ya mwaka huu, nikiwa na hesabu za kweli za kuonyesha.

Februari

Jambo ninalotaka kulijua kabla ya mengine yote ni namna ya kumlipa dereva.

Bodaboda wengi jijini wanaendesha chombo cha mtu kwa hesabu: kila jioni shilingi 10,000 kwa tajiri, inayobaki ni yao, mafuta yao, pancha yao. Wengine wana mkataba, wanalipa kwa mwaka na zaidi mpaka pikipiki inakuwa mali yao. Kwa abiria mfumo huu umezoeleka, maana tajiri hana njia ya kujua nani alipakiwa wapi na kwa bei gani. Swali langu ni kama unafaa kwa kifurushi.

Kwa hiyo nimegawa makusudi. Boxer nimeitoa kwa hesabu, kwa dereva wa Kigogo: mizigo yangu anaibeba kwa bei tuliyokubaliana, jioni ananiletea 10,000. TVS nimeiweka kwenye mshahara, kwa dereva wa Tandika: 300,000 kwa mwezi, mafuta na oil juu yangu, na shilingi 500 kwa kila mzigo uliopokelewa bila malalamiko. Wote wana leseni daraja A, wote wamekaa kijiweni miaka mingi. Tutaendesha hivyo miezi mitatu halafu nalinganisha.

Bei kwa mteja: Posta, Upanga, Ilala na Magomeni 3,000. Sinza, Mwenge, Tabata, Temeke 5,000. Tegeta, Gongo la Mboto, Mbagala na Kigamboni kati ya 7,000 na 10,000, na ya Kigamboni ndani yake mna nauli ya pantoni au tozo ya Daraja la Nyerere. Mzigo wa mkoani tunaufikisha Stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, kwa 6,000. Nauli ya basi analipa mwenye mzigo. Sisi tunampigia picha risiti, namba ya basi na namba ya simu ya konda, anapata vyote kabla basi halijapita Kibaha.

Machi

Tofauti imeanza kuonekana, tena si kwenye mwendo. Dereva wa Kigogo ni mwepesi kuliko mwenzake, anazijua njia za uchochoroni zote kuanzia Jangwani hadi Mabibo. Lakini anachagua. Mzigo wa karibu anauwahi. Wa Goba, au wa mteja anayejulikana kwa kuchelewa kushuka, unabaki kibandani mpaka mchana. Na mara kadhaa amepakia abiria huku kifurushi kiko juu ya tangi.

Tumeongea vizuri, bila ugomvi. Akaniambia, "Dada, mteja akiniweka chini ya ghorofa nusu saa, hesabu nani ataijaza? Nikimwona abiria, nampakia. Nami nina watoto."

Ana haki. Elfu kumi ya jioni haijui kama mteja alichelewa, kama mvua ilinyesha, kama mzigo ulikuwa sahani za udongo zinazotaka mwendo wa taratibu. Hesabu inamlipa mtu kwa kukimbia, na kazi yangu inataka mtu wa kusubiri, kupiga simu mara ya pili, na kumwambia mteja "Shikamoo mama, nipo getini" hata kama geti hilo limemchukua robo saa kulitafuta.

Dereva wa Tandika anasubiri, kwa sababu kusubiri hakumtoi chochote mfukoni. Wauzaji wawili wa Mtaa wa Congo sasa wanamwomba yeye kwa jina.

Aprili

Mvua. Tangu Januari El Niño haijatuacha, na masika imekuja juu yake. Mto Msimbazi ukijaa, Jangwani panafungwa, na Barabara ya Morogoro ikikatika pale, mji unagawanyika vipande viwili. Mzigo wa Magomeni, ambao ni dakika kumi kutoka hapa, unalazimika kuzunguka Buguruni, Barabara ya Mandela, mpaka Ubungo, au kupita Upanga na Kinondoni pamoja na magari yote yaliyokimbilia huko. Mafuta yanaenda mara mbili na bei ya mteja ni ile ile 3,000.

Tumeweka utaratibu: asubuhi kabla ya mzigo wa kwanza kutoka, tunauliza hali ya Jangwani kwa bodaboda wa kijiwe cha Fire. Pakiwa pamefungwa, muuzaji anaambiwa mapema kwamba Magomeni leo ni 5,000, au asubiri kesho bila kulipa zaidi. Karibu wote wanakubali wakiambiwa mapema. Wakiambiwa mzigo ukiwa njiani, wanaona wanaibiwa.

Vifurushi vyote sasa vinaingia kwenye mfuko wa nailoni kabla ya kuingia kwenye boksi. Boksi lenyewe tumelitengenezesha kwa fundi wa bati Gerezani, na mfuniko una ukingo wa mpira.

Mei

Mwanzoni mwa mwezi Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitoa tahadhari ya Kimbunga Hidaya. Boti za Zanzibar zikasimama, mizigo ya kule ikalala kibandani. Petroli nayo iko juu ya 3,200 kwa lita. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, wadhibiti wa nishati na maji, wanapotangaza bei kikomo, nakaa na daftari kabla ya kupanga lolote lingine.

Miezi mitatu imetimia. Matokeo:

Boxer ya hesabu imeniingizia fedha ya uhakika zaidi, siyo siri. Karibu 260,000 kwa mwezi, siku za Jumapili zikitolewa, na mafuta hayakunihusu. TVS ya mshahara ilianza kwa kunila. Mwezi wa kwanza haikulipa hata mshahara wa dereva wake. Wa pili ikalingana. Wa tatu, katikati ya mvua zote hizo, siku ya kawaida ilikuwa inaingiza kati ya 35,000 na 45,000, mafuta yakichukua kama 10,000. Sababu ni moja: wauzaji wanaorudi ni wa TVS. Boxer ilikuwa inahudumia wapita njia.

Nimeamua. Hesabu inaisha mwezi huu, madereva wote wawili wanaingia kwenye mshahara. Dereva wa Kigogo aliomba siku mbili za kufikiri, akazungumza na mkewe, akakubali.

Sasa wote ni waajiriwa kisheria, na mimi nina wajibu. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ni asilimia 20 ya mshahara, kumi zangu na kumi zake. Mshahara wa 300,000 ukitoa 30,000 zake inabaki 270,000, ambayo ndiyo kiwango kisichokatwa PAYE, kodi ya mshahara. Posho ya mizigo inayozidi hapo inakatwa asilimia 8. Halafu kuna WCF, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Mchango wa mwajiri ni asilimia 0.5 ya mshahara. Kwa mshahara wa 300,000 hiyo ni shilingi 1,500 kwa mwezi.

Nilikaa na namba hiyo muda mrefu. Shilingi 1,500 ni bei ya pancha. Kwa bei ya pancha, mtu anayepita kati ya malori ya Mandela kila siku ya Mungu anakuwa na pa kushika akiumia kazini. Dereva wa hesabu hana hilo, kwa sababu mbele ya sheria yeye si mwajiriwa wa mtu. Bima ndogo ya pikipiki, ile ya mtu wa tatu, inamlipa uliyemgonga. Wewe uliyekuwa kwenye usukani haikulipi. Kila tajiri wa bodaboda analijua hili, na kila mmoja ameshawahi kuchangishwa kwenye grupu la kijiwe kwa ajili ya kijana aliyelazwa MOI, hospitali ya mifupa Muhimbili, na mguu umefungwa vyuma.

Juni

Jumatatu ya tarehe 24 Kariakoo ilifungwa. Mgomo wa wafanyabiashara, madai yao yakiwa juu ya kodi na namna ya ukusanyaji wake, na baada ya hapo ukasambaa Mwanza, Arusha, Mbeya na kwingine. Mitaa ambayo kwa kawaida huwezi kupitisha bega ilikuwa mitupu.

Kwetu kazi ilipungua bila kukatika. Wauzaji wenye mzigo nyumbani waliendelea kutuma, wa Ukonga, wa Kimara, wa Mbagala. Tulihamia kwao: dereva mmoja akashinda upande wa Kimara, mwingine Mbagala. Mshahara ulilipwa kamili. Kijiweni palikuwa pagumu. Wenye hesabu walidaiwa kama kawaida na tajiri zao, soko liwe limefungwa au limefunguliwa.

Julai

Anwani. Mwaka 2022, kabla ya sensa, serikali iliendesha operesheni ya Anwani za Makazi, na sasa mitaa mingi ina vibao na nyumba zina namba. Mfumo wake wa simu, NaPA, unakupeleka mpaka mlangoni. Nimewataka wauzaji wetu wamwombe kila mteja mpya vitu viwili: jina la barabara na namba ya nyumba. Wateja wengi hawazijui namba zao, wanaishi nazo juu ya mlango bila kuzitazama. "Shuka kituo cha shule, uliza kwa Mangi, atakuonyesha" bado ndiyo anwani ya nusu ya mji.

Sijaidharau anwani ya kwa Mangi, mwenye duka la mtaani. Mangi anajua nani kahama na nani yupo kazini mpaka saa mbili usiku. Tunaandika zote mbili kwenye daftari la mteja, namba na alama. Mzigo wa pili kwenda nyumba ile ile hauhitaji tena simu ya kuelekezwa.

Agosti

Dereva wa Kigogo ameanguka. Gari dogo lilifungua mlango upande wa barabara, Tabata, akiwa kwenye mwendo mdogo. Helmeti ilipasuka, kichwa ni kizima. Mfupa wa bega umepata ufa. Daktari amesema wiki sita bila kuendesha.

Niliandika taarifa ya ajali siku iliyofuata, nikaambatanisha karatasi za hospitali na za polisi, nikapeleka WCF. Mshahara wake unaendelea. Jioni nilikwenda kumwona nyumbani. Mkewe alinipokea, akanipa kiti, akasema, "Dada, mwaka juzi alianguka akiwa kwa tajiri mwingine. Tulikula kwa jirani mwezi mzima."

Kwa hiyo naandika hapa kwa msisitizo, kwa yeyote anayepanga kuanza: kabla hujanunua boksi zuri, kabla hujachapisha fulana zenye jina la kampuni, jiandikishe WCF na umwandikie dereva mkataba wa ajira. Na nunua helmeti ya kweli. Hizi za plastiki laini zinazovaliwa ili kumridhisha trafiki zisingekiokoa kile kichwa.

Nimemweka dereva wa muda kwenye Boxer, kwa mshahara ule ule.

Septemba

Fedha za watu. Zaidi ya nusu ya mizigo yetu ni lipa ukipokea: dereva anamkabidhi mteja mzigo, mteja analipa, fedha inarudi kwa muuzaji. Hapa ndipo makampuni mengi madogo ya vifurushi yanapovunjika, maana jioni dereva anaweza kuwa na laki tano mfukoni, zote si zake wala si zangu.

Utaratibu wetu sasa: mteja halipi kwa dereva. Analipa kwenye lipa namba ya muuzaji, na dereva haachii mzigo mpaka muuzaji amthibitishie kwa simu kwamba muamala umeingia kwake. Meseji ya kwenye simu ya mteja hatuiamini hata iwe na nembo zote, kwa sababu meseji feki za muamala zimejaa mjini na zimeandikwa vizuri kuliko za kweli. Muuzaji asiyepokea simu, mzigo wake unarudi.

Wateja wanaotoa fedha taslimu bado wapo, hasa wazee. Hizo dereva anaziingiza kwa wakala wa karibu kabla ya kwenda kwenye mzigo unaofuata, na gharama yake muuzaji anaijua tangu mwanzo.

Mzigo uliokataliwa: nauli ya kwenda analipa muuzaji, ya kurudi tunabeba sisi. Tulibishana sana kibandani juu ya hili. Nimeshikilia hivyo kwa sababu tukimtoza muuzaji zote mbili, atamlazimisha dereva abishane na mteja mlangoni, na dereva wangu hayupo pale kwa kazi ya kubishana.

Oktoba

Dereva wa Kigogo amerudi. Oil kila wiki mbili, cheni kila Jumamosi, breki za mbele zimebadilishwa kwenye zote mbili. Faini za barabarani mwezi huu: moja, 10,000, kupita njia ya mwendokasi pale Fire. Amelipa mwenyewe, njia hiyo hairuhusiwi na kila mtu anajua.

Ombi la TCRA limepelekwa.

Novemba

Jumamosi ya tarehe 16 ghorofa liliporomoka, makutano ya Mtaa wa Mchikichi na Congo. Watu wengi walipoteza maisha, na uokoaji uliendelea kwa siku kadhaa. Wauzaji wetu wawili walikuwa na mizigo kwenye maduka ya jirani; wao wenyewe wako salama. Siku ile madereva waliacha kazi wakaenda kusaidia kubeba maji. Hatukutoa mzigo wowote mpaka Jumatatu, na mitaa ile ilipozungushiwa uzio tulihamishia mapokezi upande wa Lumumba. Mungu awapumzishe waliotangulia.

Novemba, mwishoni

Petroli imeshuka chini ya 3,000. Mkopo wa kikoba umebaki marejesho machache. Nimenunua Boxer ya tatu kwa fedha iliyotoka kwenye kazi yenyewe, bila mkopo.

Hii ya tatu ni ya mkataba, lakini si mkataba wa kijiweni. Dereva wa Tandika ndiye anayeichukua. Anabaki kwenye mshahara wake, NSSF na WCF zinaendelea, na kila mwezi kampuni inamwekea 120,000 kwenye bei ya chombo kutokana na mapato ya pikipiki hiyo, yeye anaongeza 30,000. Hakuna riba. Akiugua, makato yake yanasimama, ya kampuni yanaendelea. Bei ikitimia kadi inabadilishwa jina TRA, na akitaka kuondoka nayo aende kufanya kazi yake, anaondoka. Akitaka kubaki, tutamlipa kwa mzigo kama mwenye chombo. Tumeandikiana mbele ya mjumbe na mkewe akiwepo, nakala tatu.

Dereva wa Kigogo ameuliza kama ya nne itakuwa yake. Nimemwambia ndiyo, tukifika katikati ya mwaka ujao bila kukopa.

Dereva wa Tandika anaanza na hii ya tatu Jumatatu, tarehe 2 Desemba, upande wa Mbezi. Kuanzia katikati ya mwezi mabasi ya Moshi na Arusha yanajaa watu wanaokwenda nyumbani Krismasi, na mizigo inagombania nafasi kwenye buti. Tumewaambia wauzaji: mzigo wa Kaskazini ufike kibandani kabla ya saa tisa mchana ili ulale stendi na upande basi la kwanza alfajiri. Bei ya stendi inabaki 6,000 mwezi wote.